Somo: Kundi kubwa kwenye meli ya kitalii, namna ya kuripoti kwa ziara za bandarini bila kupotezana

Somo hili nimeliandika kwa yule anayebeba mzigo wa wenzake: mtoto aliyewalipia wazazi safari, katibu wa jumuiya, maharusi walioalika ndugu wa pande zote mbili. Nitatumia safari za magharibi mwa Karibea, zile zinazoondoka Galveston au Miami na kupita Cozumel nchini Meksiko na George Town kisiwani Grand Cayman. Bandari hizo mbili zinatosha kufundishia karibu kila kitu, kwa sababu Cozumel meli inafunga gatini na George Town inatia nanga mbali na nchi kavu.

Shikeni jambo moja kwanza. Meli hailijui kundi lenu. Inamjua mtu mmoja mmoja, kwa kadi yake ya meli (ile anayopewa akipanda, ndiyo kitambulisho chake melini) na tiketi yake. Hata mkivaa fulana za rangi moja zenye jina la ukoo, asubuhi ya ziara, yaani matembezi ya nchi kavu yanayouzwa na meli, kila mmoja anaripoti kwa nafsi yake, na basi linaondoka na waliofika. Kwa hiyo kazi ya kiongozi inamalizika usiku uliotangulia. Asubuhi hakuna unachoweza kurekebisha.

Hatua ya 1: Mnaponunua ziara

Kila chumba kina namba yake ya buking, hata kama mlilipia siku moja kwa wakala mmoja. Mwombe wakala au kampuni ya meli iziunganishe namba hizo. Hapo mtaonana kwenye mfumo, na kwa kampuni nyingi mtu mmoja ataweza kuwanunulia wengine ziara.

Kisha angalieni saa. Hapa ndipo makundi mengi yanapogawanyika bila kujua. Ziara moja yenye jina lilelile huuzwa kwa awamu mbili au tatu, tuseme 8:15 na 9:30. Shangazi akinunua peke yake baada ya wiki mbili, atapata nafasi kwenye awamu ya pili, na mtagundua mkiwa tayari mmesimama foleni. Nunueni wote kwa mkupuo mmoja, au kila mtu apige picha tiketi yake aitume kwa kiongozi, naye alinganishe jina la ziara, namba yake na saa. Kama mko wengi wa kujaza basi dogo, ulizeni ziara ya binafsi. Ukigawanya bei kwa vichwa, mara nyingine tofauti ni ndogo.

Someni pia masharti. Kuteleza kwenye kamba kuna kikomo cha uzito. Kupiga mbizi kuna fomu ya afya, na jibu moja la "ndiyo" kwenye pumu au moyo linaweza kukuzuia. Kwa watoto walio chini ya miaka 18, anayetia saini ni mzazi au mlezi, na mzazi huyo asiwe amebaki chumbani amelala.

Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia bandari

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote.

Tiketi zitakuwa za karatasi chumbani au ndani ya programu ya meli kwenye simu. Tafuta mambo mawili: saa ya kukutana na mahali pa kukutana. Ziara nyingine hukutania ukumbi wa maonyesho ndani ya meli, nyingine hukutania nje kabisa, mwisho wa gati, kwa mtu aliyeshika kibao chenye jina la ziara. Nusu ya kundi ikikaa ukumbini huku nusu iko juani gatini, na simu hazina mtandao, hamtaonana. Msitegemee kundi la WhatsApp. Baharini bila kununua intaneti ya meli, ujumbe wako hauendi popote.

Andika karatasi moja kwa kila chumba, ibandike ndani ya mlango, usawa wa macho. Iwe na maneno machache: jina la ziara, mahali, saa, "njoo na kadi yako na kitambulisho". Na kama kuna wazee waliotoka nyumbani Afrika Mashariki, andika saa kwa namna zote mbili: 8:15 AM, yaani saa mbili na robo asubuhi. Mama aliyeishi miaka yote akihesabu saa kuanzia alfajiri atasoma 8:15 akaelewa saa nane na robo, na hana kosa lolote.

Saa yenyewe ni ipi? Ni saa ya meli. Jimbo la Quintana Roo, ambamo Cozumel imo, tangu 2015 linatumia saa ileile mwaka mzima, na Grand Cayman nako hawabadilishi saa. Marekani wanabadilisha. Chukua safari ya Miami wakati wa kiangazi: meli ikibaki na saa ya Miami, simu yako ikishika mtandao wa Cozumel itarudi nyuma saa nzima. Simu inakuambia ni 3:30, kumbe melini ni 4:30 na ngazi inapandishwa. Kwa safari ya Galveston wakati wa baridi mambo yanageuka, simu inatangulia mbele, na watu wanakurupuka asubuhi bure. Meli nyingine hubadilisha saa yake ifuate bandari. Someni ratiba ya siku au mtazame simu ya mezani chumbani, na kila kundi liwe na mtu mmoja mwenye saa ya mkononi isiyojibadilisha yenyewe.

Hatua ya 3: Ukumbini

Asubuhi ya bandari lifti zimejaa na foleni ya mayai ni ndefu kama stendi siku ya kuamkia Krismasi. Kuleni mapema. Kiongozi atangulie kufika, na mtu mwingine mwenye kuaminika atoke wa mwisho baada ya kugonga kila mlango.

Mlangoni mwa ukumbi kuna meza. Unaonyesha tiketi, mfanyakazi anaikagua, anakubandikia kifuani stika yenye namba, labda ya kijani, 14. Kuanzia hapo namba hiyo ndiyo jina lako. Mnakaa pamoja, mnasikiliza, namba ikiitwa mnasimama wote na kumfuata aliyenyanyua kibao. Ndugu mmoja akienda msalani wakati huo, atakuta viti vitupu. Nendeni msalani kabla ya stika.

Usichukue stika za wasiofika ukidhani unawasaidia. Wanaohesabu vichwa watakuta pungufu, basi zima litasubiri, na mwisho litaondoka. Na msibadilishane stika ili kukaa na rafiki, maana orodha ya kiongozi wa basi inafuata namba.

Hatua ya 4: Ngazi, gati na boti

Penye ngazi ya kushukia kila mtu, hata mtoto wa miaka minne, anapigishwa kadi yake mwenyewe. Mashine inalia, picha yake inatokea kwenye skrini, ofisa anaitazama na kumwachia. Ndivyo meli inavyojua nani yuko nje. Baba mwenye kadi sita mfukoni anasimamisha foleni nzima, kwa hiyo gawa kadi ukumbini. Kamba ya shingoni kwa watoto inafaa sana.

Bibi anayewatoa wajukuu bila wazazi wao aulize mapema kwenye dawati la huduma. Meli nyingi zinataka mzazi aache idhini iliyoandikwa kwenye mfumo.

Matunda ya mezani na nyama msishuke navyo, bandari hizi haziruhusu. Najua akina mama wanapenda kufungasha.

Cozumel ina gati tatu za meli za kitalii: Punta Langosta katikati ya mji, na Puerta Maya na ile ya kimataifa zilizo kusini kidogo. Mnaokutana na ndugu wa meli nyingine, ulizeni gati yao kabla ya kusema "tuonane nje". Ziara ya Tulum, magofu ya kale ya Wamaya yaliyo bara, ina hatua ya ziada: mnavushwa kwa feri hadi mji wa Playa del Carmen, kisha mnapanda basi. Maana yake mtahesabiwa tena na tena, na kila mara tiketi au stika itatazamwa. Msiitupe baada ya kupanda feri.

George Town hakuna gati la meli kubwa. Mwaka 2025 wananchi walipiga kura ya maoni, wakakataa lijengwe. Abiria wanashushwa kwa boti ndogo, na wenye ziara za meli hutangulizwa, ndiyo maana mnakusanywa ukumbini kwanza. Ziara ya Stingray City, pale kwenye mchanga wa North Sound mnaposimama majini pamoja na samaki aina ya taa, ina boti mbili: ya kwanza inawafikisha mjini, mnapanda basi, kisha boti nyingine inawapeleka. Bahari ikichafuka, nahodha anaweza kufuta bandari nzima, na ziara mliyoilipia kwa meli, meli inawarudishia pesa zake.

Hatua ya 5: Kurudi

Kiongozi ahesabu watu kabla basi halijaondoka kila kituo, bila kumwachia mwongoza watalii kazi hiyo. Anayetaka kubaki mjini baada ya ziara amwambie mwongoza watalii na kiongozi wa kundi. Ngazini ni kadi tena, mifuko inapita kwenye mashine, na pombe mliyonunua itawekwa hadi usiku wa mwisho.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo. Sisi nusu tumenunua ziara ya meli na nusu tutakodi gari George Town. Tunaweza kushuka pamoja?*

Kwa boti, msitegemee hivyo. Wenye ziara watatangulia, na ninyi wengine mtachukua namba za boti na kusubiri kuitwa. Pangeni kukutana mchana mahali panapojulikana mjini, na waliokodi gari wasipange kumchukua mtu wa ziara njiani.

*Shikamoo. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Ataripoti nasi ukumbini?*

Marahaba mwanangu. Mpigieni simu dawati la ziara siku mbili kabla, mkaeleze kama mama anaweza kusimama na kupanda ngazi mbili tatu. Gatini Cozumel kuna njia ya kawaida. Kwenye boti za George Town ni tofauti: mawimbi yanainua na kushusha boti, kiti kizito cha umeme kwa kawaida hakichukuliwi, na wafanyakazi hawaruhusiwi kumbeba mtu. Mkiambiwa haiwezekani, muwe mmelijua mapema mpange mtu wa kubaki naye, asije akaambiwa mlangoni mbele ya wajukuu.

*Mtoto akiamka na homa, tiketi yake apewe binamu yake?*

Hapana, tiketi ina jina na umri. Nenda dawati la ziara kabla ya saa ya kukutana. Muda wa kughairi bure kwa kawaida unakuwa umepita, ila daktari wa meli akithibitisha ugonjwa, omba kurejeshewa. Mara nyingi wanasikiliza. Binamu anunuliwe tiketi yake kama nafasi ipo.

*Tuna pasipoti za Tanzania na green card. Tushuke na nini?*

Nafuu ya kusafiri na cheti cha kuzaliwa ni ya raia wa Marekani peke yao, kwa hiyo ninyi mmepanda kwa pasipoti na green card. Meksiko inawaruhusu wakazi wa kudumu wa Marekani kuingia bila viza. Kwa kila nchi nyingine kwenye ratiba, thibitisheni na kampuni ya meli kwa maandishi kabla ya kulipa. Siku yenyewe fuateni tangazo la meli, na kila mtu mzima awe na kadi ya meli na kitambulisho chenye picha, maana mlinzi wa lango la bandari anaweza kuvitaka vyote viwili.

*Mimi naongoza watalii Mombasa. Meli ikifunga saa moja asubuhi, wageni wanatufikia saa mbili unusu. Wanafanya nini mle ndani?*

Kaka, wanakaa ukumbini na stika kifuani. Meli ikifunga, hakuna anayeshuka mpaka uhamiaji, forodha na afya waipe kibali, kisha namba zinaitwa moja baada ya nyingine ili ngazi isizibe. Safari ndefu kama ya Tsavo ndizo hutangulizwa. Ukitaka wageni wako wakufikie haraka, simama na kibao chenye namba na jina la ziara lililoandikwa vilevile kama kwenye tiketi yao. Mgeni anatafuta namba yake, jina la kampuni yako halijui.

*Tukichelewa kurudi, meli itatusubiri?*

Mkiwa kwenye ziara iliyouzwa na meli, meli inajua basi lenu liko wapi. Ama itawasubiri, ama kampuni itagharamia kuwafikisha bandari inayofuata. Mkiwa kwenye teksi yenu, haina wajibu huo, na gharama za kuifuata ni zenu. Kwenye ratiba ya siku pameandikwa saa ya mwisho ya kupanda na namba ya simu ya wakala wa meli katika bandari ile. Kila mtu mzima aipige picha karatasi hiyo kabla ya kushuka. Mkiona hamtawahi, mpigieni wakala mkiwa bado njiani.