Somo: King'amuzi cha antena kinagandisha picha? Shughulika na paa kabla ya kwenda dukani

Wakuu, habari za leo. Kazi yangu ni kufunga antena, na mara nyingi naitwa nyumba ambayo mwenyewe ameshanunua king'amuzi kipya na bado picha inaganda, sauti inakatika, mwisho kioo kinabaki cheusi. Karibu kila nikipanda juu, tatizo nalikuta huko huko kwenye antena au kwenye waya. Somo hili ni la wenye king'amuzi cha antena tu. Dishi lina mambo yake.

Kwanza tuelewane jambo moja. Mitambo ya analojia Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Kabla ya hapo antena mbovu ilikupa chenga, lakini mpira uliuona. Dijitali haikupi nusu picha. Mawimbi yakiwa safi vya kutosha, picha inang'aa. Yakishuka kidogo chini ya hapo, inakatika vipande vipande halafu inapotea. Mtu anayesema "jana ilikuwa safi kabisa" hadanganyi. Jana alikuwa ukingoni, leo ameteleza. Tunachotafuta ni kumtoa ukingoni.

Hatua ya 1: Soma mistari miwili

Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya kutafuta chaneli kwa mkono. Utaona mistari miwili, Strength na Quality, yaani nguvu na ubora. Wengi wanaangalia nguvu. Angalia ubora. Nguvu inapima kila kinachoingia kwenye waya, uchafu (mawimbi mengine yasiyo ya TV yako) nao umo humo. Ubora ndio unaosema king'amuzi kinaelewa kiasi gani. Ubora ukicheza juu na chini, picha itaganda hata kama nguvu imejaa. Andika namba zote mbili kwenye karatasi kabla hujagusa chochote.

Hatua ya 2: Chukua rula, pima vijiti

Televisheni ya dijitali huku kwetu inarushwa kwenye UHF, yaani masafa ya mawimbi mafupi, kati ya megahezi 470 na 694. Kijiti kinachonasa mawimbi hayo kinahitaji urefu wa nusu wimbi, ambao ni kati ya sentimita 22 na 32 hivi. Sasa panda uangalie antena uliyorithi kwa mpangaji aliyehama. Ukikuta vijiti vyote vina sentimita 70 au zaidi, hiyo ni ya VHF, ilitengenezwa kwa mawimbi marefu ya zamani. Itanasa kidogo ukiwa karibu na mnara wa kurushia matangazo, na hapo ndipo inapomdanganya mwenye nyumba.

Ya kununua ni antena ya nje ya UHF yenye vijiti vingi, ile iliyopangwa kama mifupa ya samaki. Mafundi wanaiita Yagi, jina la profesa wa Japani, ingawa Shintaro Uda ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo miaka ya 1920. Ukiwa mjini karibu na mnara, yenye vijiti vichache inatosha. Ukiwa mbali, chukua ndefu. Na msiuziwe "antena ya dijitali" kwa bei ya juu: antena haijui dijitali wala analojia, inajua mawimbi tu.

Hatua ya 3: Ipandishe, kisha ielekeze

Bati ni ukuta kwa mawimbi. Antena iliyowekwa darini chini ya bati la msauzi inafanya kazi kwa kubahatisha. Itoe nje, ifunge kwenye bomba la chuma lililo imara. Kwenye ardhi tambarare mnara wa mita 100 unafika kama kilomita 41 kabla ardhi haijauficha. Antena yako ikiwa mita 4 juu inaongeza kilomita 8, ikiwa mita 9 inaongeza 12. Kwa mtu wa pembezoni, kilomita hizo nne ni tofauti ya kuona na kutoona.

Upande wenye vijiti vifupi ndio unaotazama mnara. Kirefu au wavu unakaa nyuma. Nimekuta nyingi zimefungwa kinyume. Halafu angalia antena za majirani zinazofanya vizuri: zinatazama wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Vikiwa vimesimama nawe simamisha. Kukosea hapo kunakula mawimbi mengi sana.

Zungusha taratibu, kama upana wa vidole viwili, kisha subiri sekunde kadhaa. King'amuzi kinachelewa kusoma. Mtu mmoja awe juu, mwingine ndani anasoma namba za ubora kwa simu. Ubora ukipanda halafu ukaanza kushuka, rudi ulikotoka, kaza.

Usipande bati likiwa limelowa, wala wingu la radi likiwa limetanda. Na bomba liwe mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba hata likianguka halizigusi.

Hatua ya 4: Waya

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tumia waya ulioandikwa RG6. Hata huo, mita 30 zinakula karibu theluthi mbili ya nguvu. Ule mwembamba wa bei rahisi unakula zaidi. Kata urefu unaohitaji tu, usiache mzingo nyuma ya TV.

Menya ganda la nje kwa wembe bila kuigusa shaba. Utakuta wavu wa nyuzi nyembamba, chini yake karatasi ya alumini, kisha povu jeupe, katikati uzi mmoja wa shaba. Ukunje wavu nyuma, wote. Uzi mmoja mwembamba kama unywele ukigusa shaba ya katikati, mawimbi yameisha, na kwa macho ya haraka huuoni. Shaba itokeze milimita chache tu mbele ya konekta, kile kichwa cha chuma cha kuchomekea.

Kule juu maji ndiyo adui. Yakiingia kwenye maungio, shaba inageuka kijani na waya unayanywa maji hadi ndani. Funga maungio kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliovutwa vizuri, juu yake utepe. Kabla waya haujaingia ndani ya nyumba, uache ushuke chini kidogo kisha upande, ili maji ya mvua yadondokee pale.

Hatua ya 5: Busta, ikibidi

Busta haisafishi mawimbi. Inakuza kilichopo, pamoja na uchafu. Inasaidia pale antena ilipopata mawimbi safi ila waya ni mrefu, na mahali pake ni juu kwenye bomba, karibu na antena. Ukiifunga nyuma ya TV unakuza kilichokwisha kuchoka. Aliye karibu na mnara akiweka busta anakizidishia king'amuzi mzigo na ubora unaporomoka.

Ukimaliza yote, tafuta chaneli upya, linganisha namba na zile za kwenye karatasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tabata): Mkuu shukrani kwa somo. Kwangu nguvu 92, ubora 25. Nina busta na nimezungukwa na maghorofa.

Jibu: Toa busta kwanza, kaka. Ubora usipopanda, mawimbi yanagonga ghorofa na kukufikia mara mbili. Usihangaike na kuzungusha tu. Hamisha bomba lenyewe nusu mita kushoto au kulia. Mara nyingine kuishusha antena kunasaidia kuliko kuipandisha, ghorofa la jirani likawa kinga.

Swali (Bagamoyo): Asubuhi safi, ikifika saa mbili usiku inaganda. Fundi kasema king'amuzi kimekufa.

Jibu: Bado usikizike, dada. Angalia umeme muda huo: taa zikififia, umeme ni mdogo na adapta ya king'amuzi inashindwa. Jaribu kukiwasha kwa betri ya sola usiku mmoja. Kama umeme uko sawa, pwani joto na unyevu huwa vinabeba mawimbi ya mbali kupita kawaida, yakaja kuingilia ya kwako. Antena ndefu yenye vijiti vingi inapunguza hilo kwa sababu inasikia upande mmoja tu.

Swali (Morogoro): Naishi nyuma ya mlima. Nimefika hadi bomba la futi 30.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Mlima ukikaa katikati, bomba halitoshi. Jaribu mara moja kugeuza antena kwenye kilima cha upande wa pili, mawimbi huwa yanagonga na kurudi. Yasipopatikana, pesa ya bomba jingine weka kwenye dishi.

Swali (Mombasa): TV yangu ni bapa, nimechomeka antena moja kwa moja bila king'amuzi, haipati hata chaneli moja. Nahitaji antena gani?

Jibu: Tazama kwanza nyuma ya TV au kwenye kitabu chake kama imeandikwa DVB-T2, yaani mfumo wa kurusha TV ya dijitali kwa antena. Kenya na Tanzania tunatumia T2. TV yenye DVB-T peke yake haitaona kitu hata uiweke chini ya mnara. Ikiwa na T2, za bure utazipata. Za kulipia zitaonekana kwenye orodha lakini hazifunguki bila king'amuzi chake.

Swali (Kibaha): TV mbili, antena moja, inawezekana?

Jibu: Inawezekana, kila TV na king'amuzi chake. Weka splita ya njia mbili, kifaa cha kugawa mawimbi ya waya mmoja kwenda nyaya mbili. Usizisokote nyaya kwa mkono. Kila upande utapata pungufu kidogo ya nusu ya mawimbi, kwa hiyo kama ubora wako sasa unacheza, zote mbili zitaganda. Na busta yako ikiwa inapata umeme kupitia waya wa antena, nunua splita inayopitisha umeme, kisha king'amuzi kinachopeleka umeme kifunge kwenye tundu hilo hilo linalopitisha.