Namna ya kuisoma Hardwick Hall kwa jicho la mwashi

Ukifika Hardwick Hall, kule Derbyshire, usikimbilie ndani. Simama kwanza uani, upande wa magharibi, uitazame nyumba taratibu. Mimi ni mwashi, kazi ya mawe na chokaa nilifundishwa Unguja, na hapa ndipo ninapowaleta wageni wangu wakitaka kujua matajiri wa Uingereza walijengaje zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Anza na madirisha. Ya chini ni mafupi, ya ghorofa ya kwanza ni marefu zaidi, ya ghorofa ya pili yanayapita yote. Hapo umeshajua nani alikaa wapi: chini watumishi, katikati mwenye nyumba na jamaa zake, juu kabisa vyumba vya kupokelea wakubwa. Mwenyewe alikuwa mwanamke, Bess wa Hardwick, na hakutaka mtu asahau. Inua macho kwenye minara sita: herufi ES, yaani Elizabeth Shrewsbury, jina lake rasmi (Bess ni kifupi cha Elizabeth), zimechongwa kwa mawe juu yake.

Sasa jiulize swali la fundi: kuta zilizotobolewa hivi zinasimamaje? Kioo wakati ule kilikuwa ghali, na dirisha kubwa huudhoofisha ukuta. Tafuta dohani. Nyingi hazipo kwenye kuta za nje. Robert Smythson, anayetajwa kuwa ndiye aliyeisanifu nyumba hii, aliziingiza kwenye kuta nene za ndani, hivyo ukuta wa nje ukabaki huru kubeba kioo. Kwangu hii ndiyo akili kuu ya nyumba nzima. Hata hivyo usiamini kila dirisha. Machache yamewekwa ili pande zilingane tu, na nyuma yake kuna dohani.

Sogea karibu na ukuta. Ni jiwe la mchanga, lilichimbwa papo hapo chini ya kilima, ndiyo maana kazi iliyoanza 1590 iliwezesha Bess kuhamia 1597. Jiwe hili ni laini. Mvua na masizi hulila. Angalia viungo kati ya mawe. Penye chokaa, unyevu hutoka kupitia kiungo na jiwe hupona. Ukikuta nyumba ya mawe ya namna hii iliyozibwa kwa saruji, popote pale, utaona uso wa jiwe unavyomomonyoka, kwa sababu maji yamekosa njia. Wenzangu wa Lamu na Mji Mkongwe wanalijua hili vizuri mno, na linaniuma kila ninapoona saruji juu ya jiwe la kale.

Ukiingia, tazama ukumbi ulivyolazwa: unatoka mbele kwenda nyuma ya nyumba, ilhali desturi ya Waingereza ilikuwa kuulaza sambamba na uso wa jengo. Kisha panda ngazi za mawe polepole. Zinazunguka nyumbani, mara gizani mara kwenye mwanga, hadi mlango wa chumba kikuu cha juu. Humo shingo itauma: ukanda wa lipu uliochongwa na kupakwa rangi unaonyesha msitu wa Diana, mungu wa uwindaji. Baraza ndefu ya ndani iko jirani, kama mita 50. Mazulia ya ukutani yenye kisa cha Gideoni wa Biblia, aliyoyanunua Bess 1592, yalisaidia pia kukinga baridi ya mawe.

Vyumba vingine pita tu. Bakiza muda wa Old Hall, gofu lililo hatua chache kutoka hapo, nalo pia ni la Bess. Paa halipo, sakafu nyingi zimeanguka, meko yamebaki yakining'inia ukutani, moja juu ya jingine. Fuata kwa macho njia ya moshi kutoka meko hadi meko. Yale yaliyofichwa kule kwenye nyumba mpya, hapa yako wazi.