Kusoma manga ukitokea kwenye komiki za Marekani

Manga ni komiki za Kijapani. Yangu ya kwanza niliianza nyuma, nikamkuta mtu amekufa kabla pigano halijaanza. Kwa hiyo shika kitabu mgongo wake ukiwa kulia kwako, kisha soma fremu na viputo vya maneno kutoka kulia kwenda kushoto.

Halafu punguza mwendo. Toleo la komiki ya Marekani huwa na kurasa 20 na kitu za rangi, kwa hiyo mambo hubanwa. Manga, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe, inaweza kumaliza kurasa tatu mtu akichomoa upanga tu: jicho, kidole kwenye mpini, jani linaanguka, kimya. Usipekue haraka hapo! Mimi hurudia kurasa hizo mara mbili, na ndizo zilizonifanya niipende manga zaidi.

Pa kuanzia? Manga ya One Piece ni ya mtunzi mmoja, Eiichiro Oda, tangu 1997: anza juzuu ya 1. Spider-Man, shujaa wa komiki za Marekani tangu 1962, amepita mikononi mwa waandishi wengi, basi chagua mwandishi mmoja, umfuate tangu toleo lake la kwanza.