Kabla ya Kuingia Wodini na Pua Nyekundu

Kikundi kinachotaka kuwachekesha wagonjwa kwa mavazi ya vituko hapa Mombasa, iwe ni Hospitali Kuu ya Pwani, Port Reitz au Tudor, kianze na ruhusa kabla ya kushona hata nguo moja. Andikeni barua kwa uongozi, mtaje majina, siku, saa na wodi mnayoiomba. Kisha mwende mkaonane na sista msimamizi wa wodi hiyo ana kwa ana. Barua itawapitisha getini, lakini yeye ndiye anayejua nani katoka thieta asubuhi, nani anasubiri kuingia, na ni chumba gani kimepata msiba usiku. Akisema leo haifai, rudini siku nyingine bila kunung'unika.

Mwenye mafua, kikohozi, harara au tumbo la kuhara asije, hata kama ndiye mchekeshaji hodari kuliko wote. Mtoto anayetibiwa saratani hana kinga ya kupambana na tetekuwanga mliyomletea.

Nguo zivaliwe hospitalini. Anayetoka Likoni amesukumana na umati kwenye feri, akapanda matatu, na vumbi lote hilo hapaswi kwenda kulikalisha kando ya kitanda cha mtoto mwenye kidonda cha moto. Vazi liwe la kufulika, la mikono mifupi, lisiloburura chini wala kunasa kwenye mrija wa dripu. Mavazi ya manyoya ya kufunika mwili mzima yaacheni: hayafuliki kwa urahisi, na katika joto la Kaskazi aliyevaa atazimia kabla ya mgonjwa kucheka. Pete na saa zivuliwe, kucha zikatwe. Na tafadhali, siku hiyo nguo zisifukizwe udi wala kutiwa marashi. Twapenda kunukia, lakini mwenye pumu harufu hiyo inambana kifua.

Kinyago cha kufunika uso mzima mimi nakikataa kabisa. Mtoto mdogo humsoma mtu usoni, na usipoonekana atakuona zimwi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwauliza watoto zaidi ya 250 kuhusu mapambo ya hospitali, wakakuta picha za wachekeshaji waliojipaka rangi haziwapendezi. Kwa hiyo pua ndogo ya sponji yatosha, na macho yaonekane. Masikio marefu ya Sungura ni bora zaidi, kwa sababu mtoto wa hapa anamjua Sungura na hila zake, na ukisema "Paukwa!" hata mama yake atajibu "Pakawa!"

Maputo ya mpira yasiingie. Kuna watoto ambao miili yao haipatani na mpira huo, hasa waliozaliwa na mgongo wazi, na kipande cha puto lililopasuka chaweza kumkaba mtoto koo. Peremende nazo ziacheni, maana huenda mtoto amezuiwa kula kwa ajili ya upasuaji au ana kisukari. Vitu vya kuchezea viwe vya plastiki, vya kupanguswa baada ya kila kitanda. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, au isuguliwe kwa sanitaiza sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke, kila mnapohama mgonjwa. Kuosha huko nako kwaweza kuwa mchezo: mmoja aoshe kidole kimoja kwa madaha, mwenzake amsute.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hodi. Kitanda ndiyo nyumba ya mgonjwa. Simameni mbali kidogo, upande wa miguuni, mpige hodi. Zikifika tatu bila jibu, mwende zenu kama tulivyofunzwa majumbani. Mtoto aliyelazwa hana la kukataa. Mkono umefungwa kwenye kipande cha katoni ili dripu isichomoke, sindano yaja atake asitake, chakula kina saa yake. Nyinyi ndio wageni pekee anaoweza kuwaambia "Sitaki", na neno hilo liheshimiwe papo hapo, bila kubembeleza. Mara nyingine kufukuza kwenyewe humfurahisha. Akikufukuza huku anacheka, toka mbio, chungulia mlangoni, akufukuze tena. Asipocheka, usichungulie. Ndiyo maana vikundi vingi vya kazi hii duniani huenda wawili wawili: mgonjwa aweza kuwatazama wakitaniana wenyewe bila kulazimika kushiriki.

Wodi ya akina mama wanaume wasiingie mpaka sista ahakikishe kila mtu amejisitiri. Mzee aamkiwe kwanza kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo, ugua pole," kabla ya kituko chochote. Saa za swala ziangaliwe.

Ulizeni pia nani acheke kidogo tu. Aliyepasuliwa tumbo, kicheko kikubwa kinavuta nyuzi. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni mwingi huku Pwani, na mtoto aliyebanwa na maumivu yake hatakiwi kurukishwa. Mwimbieni polepole, au mumsimulie hadithi.

Kamera zibaki nyumbani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, ila hata idhini hiyo naitilia shaka. Mama anayehofia huduma ya mwanawe atamkubalia mtu yeyote aliyeingia na sista.

Msiahidi "tutarudi kesho" kama hamrudi, kwani mtoto atamuuliza sista kila asubuhi. Mkimaliza, mpitieni sista mumweleze mliyoyaona: aliyelalamika maumivu, ambaye hakutaka kusema. Kaeni dakika chache nyinyi kwa nyinyi, hasa na wapya, kila mmoja aseme kilichomlemea. Nguo zilowekwe siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni.