Miche ya mboga barazani: ya kuweka tayari kabla ya kufungua pakiti ya mbegu

Mche wa nyanya uliolelewa barazani wiki nne, kisha ukapelekwa kiplotini bila kuzoeshwa jua la Tanga, huonyesha kosa hilo siku ya pili. Jani hupata mabaka meupe makavu kama karatasi, ncha hujikunja, na saa 8 mchana mche mzima umelala juu ya tuta. Wenye shamba humwaga maji zaidi wakidhani ni kiu, na mizizi ambayo bado haijashika ardhi huanza kuoza. Kinga yake ni siku 10 za kuuzoesha, na siku hizo lazima ziwemo kwenye hesabu kabla mbegu haijagusa udongo.

Kwa hiyo anza na tarehe ya kupanda shambani, urudi nyuma. Mwambao wa Tanga masika huanza Machi na kumalizikia Mei, na nyanya iliyopandwa Aprili hunyeshewa mara kwa mara na kuliwa na ukungu wa majani. Wakati mzuri ni mwanzo wa Juni: mvua imepungua, kusi inavuma, na joto linaendelea kushuka. Kwa joto la huku nyanya huhitaji siku 28 hadi 35 tangu kusiwa mpaka kupandwa, siku za kuzoeshwa zikiwemo. Kabichi na sukuma wiki siku 28 hivi. Bilinganya na nyanya chungu siku 35 hadi 42. Pilipili hoho ndiyo mvivu wao: mbegu huchukua siku 8 hadi 14 kuchomoza tu, na mche huwa tayari baada ya siku 42 hadi 49. Ukitaka kupanda vyote tarehe 5 Juni, sia hoho karibu na 20 Aprili na nyanya karibu na 4 Mei. Bamia, mchicha na tikiti zisie moja kwa moja shambani. Mizizi yao haipendi kuhamishwa.

Hesabu ya mbegu nayo ifanyike mapema. Kiploti cha mita 10 kwa 10, nyanya zikipandwa sm 60 kwa 90, kinabeba miche 185 hivi. Ongeza 20 ya akiba, kisha kumbuka kwamba si kila mbegu itaota na si kila mche utafaa. Kwa mbegu mbili kila tundu la trei, mbegu 410 hivi zinatosha, nazo ni gramu moja na ushei. Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ambayo haijapita, na usikubali mbegu iliyoanikwa dirishani mwa duka; joto huiua ingali ndani ya pakiti. Aina za nyanya za Tanya na Tengeru 97 zimezoeleka nchini na zinafaa kuanzia.

Udongo ndio unaostahili kazi kubwa kuliko yote. Changanya ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi iliyoiva au mboji, na ndoo moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa pwani uache, una chumvi. Chekecha wote, kisha uupike kwa mvuke: pipa lililokatwa, maji kiasi cha vidole vinne chini, wavu juu ya maji, na udongo wenye unyevu juu ya wavu, ukifunikwa kwa gunia bichi. Katikati ya udongo fukia mbatata ndogo yenye ukubwa wa yai. Baada ya nusu saa ichome kwa kijiti. Kijiti kikipenya bila kukwama, mbatata imeiva na udongo umeiva nao, toa moto. Kuukaanga udongo mkavu kwenye bati ni kosa, maana unaunguza mboji na kuacha sumu zinazodumaza mzizi. Uache upumzike siku 7 kabla ya kusia.

Watu wa Tanga wana makumbi, na unga wa makumbi ni mzuri kwa trei kwa sababu unashika maji bila kuganda. Shida ni kwamba makumbi mengi yamelowekwa baharini ili kutengeneza kamba, kwa hiyo yana chumvi. Loweka unga huo kwenye maji baridi siku nzima, ukamue, ubadilishe maji, na urudie mara tatu. Kisha jaribu: sia mbegu 10 za chainizi ndani yake. Zikiota 8 au zaidi na ncha za majani zikabaki kijani, tumia. Jaribio hilohilo linafaa kwa samadi usiyoijua ilikotoka, na kwa maji ya kisima. Utando mweupe ukianza kujengeka kwenye kingo za trei, maji yana chumvi. Hamia maji ya mvua au ya bomba.

Trei ikae juu ya meza, na kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo la maji yenye mafuta kidogo, ili sisimizi wasibebe mbegu wala konokono wasipande usiku. Mbegu mbili kila tundu, kina cha sm 1. Zikitoa jani halisi la kwanza, mdhaifu ukatwe kwa mkasi. Ukiung'oa unavuruga mizizi ya mwenziwe. Chandarua cha kawaida hakizuii inzi weupe, matundu yake ni makubwa kwao, na inzi hao ndio wanaoleta virusi vya rasta vinavyokunja majani ya nyanya. Tafuta neti ya kitalu yenye matundu madogo.

Mwagilia asubuhi. Miche ikilala na unyevu, kinyausi huingia: shina hukonda usawa wa udongo kama limebanwa kwa uzi, na mche huanguka ungali kijani. Aliyeanguka hainuki. Mtoe na udongo wake, punguza maji, na ufungue pande za banda hewa ipite. Miche ikirefuka na kuinamia upande mmoja, kivuli kimezidi. Mchana wa Tanga una saa 12 za mwanga karibu mwaka mzima, kwa hiyo sogeza trei ukingoni mwa baraza badala ya kuongeza mbolea.

Kuzoesha huanza miche ikiwa na majani halisi matatu au manne. Siku 2 za kwanza jua la saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Siku ya 3 na ya 4 hadi saa 4. Siku ya 5 na ya 6 asubuhi hiyohiyo, pamoja na jioni kuanzia saa 10. Siku ya 7 na ya 8 nje kutwa, isipokuwa saa 6 hadi saa 9. Mbili za mwisho nje usiku na mchana, mahali ambapo kusi inapiga, kwa kuwa upepo nao hukausha jani. Mbolea ya urea ikome wiki moja kabla ya kupanda shambani, na maji yapunguzwe hadi mche ulegee kidogo alasiri lakini ujirudi wenyewe jioni. Usipojirudi, umezidisha. Shina la nyanya lililokomaa huwa nene, na mara nyingi hupata rangi ya zambarau kwa chini. Hoho na kabichi usizibane sana kwa kiu, zitadumaa.

Siku ya kupanda, trei inyweshwe asubuhi, mashimo ya sm 15 yawe tayari na konzi moja ya samadi iliyoiva, na upande kuanzia saa 10 jioni. Nyanya izikwe mpaka karibu na majani ya chini, shina litatoa mizizi. Hoho na kabichi zibaki usawa uleule wa trei. Ile miche 20 ya akiba iendelee kukaa nje juani, ijazie mapengo ndani ya siku 7. Ukichelewa zaidi, mche mgeni hufunikwa na wenzake na hauzai vizuri.