Jinsi ya kulifuata jina la Kibaski mpaka nyumbani kwake: tuanze na Etxeberria

Kama umekulia Unguja na mpira unaangalia basi Xabi Alonso unamjua, na Xavi wa Barcelona unamjua, ila barazani kwetu hakuna aliyekuwa anajua kuwa Xabi na Xavi ni jina moja na maana yake ni nyumba mpya. Mie toka nlipolijua hili sijaacha kulifuatilia, kwa hiyo naeleza hapa njia ninayotumia ili na wewe uweze.

Kwanza weka pembeni mazoea yetu. Sie ukisikia Makame Haji Faki umeshapewa baba na babu, kazi imebaki ndogo. Wabaski, hawa wanaokaa kwenye milima ya Pyrenees upande wa Hispania na Ufaransa, majina yao mengi hayatokani na babu, yanatokana na nyumba. Mtu aliitwa kwa nyumba ya shamba anayokaa, basi.

Kwa hiyo likate jina. Etxe ni nyumba, berri ni mpya, ile a ya mwisho ni kama kusema "ile". Goikoetxea ni nyumba ya juu, Elizalde ni kando ya kanisa, Mendizabal ni mlima mpana. Ukishajua mendi (mlima), iturri (chemchemi), zubi (daraja) na ibar (bonde) utaanza kuyasoma mwenyewe.

Kisha angalia tahajia, na hapa usipite mbio maana herufi zenyewe zinakwambia jina limepita wapi. Etxeberria ndo Kibaski cha leo, Echeverría limeandikwa Kihispania, Etcheverry limetokea upande wa Ufaransa, Echevarría yenye a katikati mara nyingi ni la Bizkaia, jimbo la Wabaski upande wa Hispania, kwa sababu kule wanasema barri, na Chavarría limekatika kichwa njiani. Javier, lile lile la Xabi na Xavi, nalo ni hilo hilo: ni kijiji chenye ngome kule Navarra, Hispania, alikozaliwa mmisionari Mkatoliki Fransisko wa Xavier mwaka 1506, na huyu mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi, hii ya Kenya, akaendelea mpaka Goa, kule India, ambako ndiko mwili wake uliko hadi leo. Wagoa wakawapa watoto wao jina lake, halafu wakaja nalo kwetu, ndo maana ukisikia mzee wa Kigoa karibu na kanisa la Minara Miwili anaitwa Xavier ujue anaitwa nyumba mpya.

Ukishapata eneo nenda kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia, maana baada ya mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu wa Katoliki) uliomalizika 1563 makanisa yalitakiwa yaandike. Usajili wa serikali Ufaransa ulianza 1792, Hispania 1871. Upande wa Hispania mtu ana majina mawili ya ukoo, kawaida la baba mwanzo kisha la mama, na mwanamke akiolewa haachi lake, kama kwetu tu, kwa hiyo upande wa mama usiuruke hata kidogo.

Sasa kwa nini limeenea hivi? Sababu kubwa ni mirathi. Sie shamba la mikarafuu linagawiwa kila mtu na fungu lake, wao nyumba nzima nzima alikuwa anaachiwa mtoto mmoja, wengine wanatafuta pa kwenda. Wakavuka bahari kwenda Meksiko, Chile, Argentina, Uruguay, wengine wakachunga kondoo Nevada na Idaho kule Marekani, na jina la nyumba wakaondoka nalo hao hao ambao nyumba hawakuipata. Luis Echeverría aliyekuwa rais wa Meksiko 1970 mpaka 1976 jina lake ndo hilo.

Jambo moja naomba ulishike, maana wengi wanapotea hapa. Watu wawili kuitwa Etxeberria haina maana ni ndugu, kila kijiji kilijenga nyumba mpya yake. Ukimpata mwenye jina hilo usianze kumuuliza ukoo, muulize wazee wake walitoka kijiji gani.