Kabla ya kuvuka kwenda Rubondo

Mtu wa Mwanza aliyezoea hifadhi ya kisiwa cha Saanane, ambako boti huvuka kwa dakika chache na jioni yuko kwake, akifunga mzigo uleule kwa safari ya Rubondo ataumia. Hifadhi hii iko kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, na ukishashuka kisiwani usitegemee dukani kupata dawa, betri wala vitafunwa.

Ratiba ipangwe kwa kulitazama ziwa. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka kingo zote na kukutana juu ya maji yenye joto, ndiyo maana dhoruba nyingi za radi hutokea usiku wa manane hadi asubuhi mapema. Alasiri upepo hugeuka na kuinua mawimbi. Muda mzuri wa kuvuka ni asubuhi, jua likishapanda na anga likiwa safi. Kwa hiyo, hata kama daraja la Kigongo–Busisi, kwenye njia ya kutoka Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, lala Chato au Muganza, kisha uvuke kesho yake kutoka bandari ndogo ya Kasenda. Soma utabiri wa ziwani wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), agiza boti ya hifadhi siku kadhaa mapema, na funga jaketi okozi kabla injini haijawashwa. Acha siku moja ya ziada mwishoni, kwani anayetakiwa kazini kesho yake ndiye humshinikiza nahodha kuondoka wakati mbaya.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu. Yamalize ukiwa bara, kwenye mtandao wa uhakika, na beba kitambulisho cha taifa ili utozwe kiwango cha Mtanzania.

Kubwa kuliko yote ni mafua. Sokwe wa Rubondo ni uzao wa kundi dogo, chini ya 20, lililoletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Magonjwa yetu ya njia ya hewa huwaambukiza na yanaweza kuwaua. Ukikohoa au kupiga chafya, usiende kuwafuata, hata kama umeshalipa. Mzima naye avae barakoa na akae umbali usiopungua mita 10. Kuwatafuta msituni huchukua saa nyingi, na siku nyingine hawaonekani. Anayetaka uhakika zaidi aamke alfajiri kuwatazama nzohe kwenye mafunjo, swala wenyeji wa kisiwa hiki.

Nguo ziwe za mikono mirefu, rangi ya kaki au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi huwavuta mbung'o. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo, na dawa ya kupaka haiwazuii sana. Usiku usitoke bila askari, maana viboko hupanda nchi kavu kula majani.

Usioge ziwani. Mbali na mamba, kuna kichocho, ambacho vimelea vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Ukilazimika kukanyaga maji wakati wa kupanda boti, jifute mara moja kwa taulo kavu. Kapime wiki 6 hadi 8 baada ya kurudi: prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikimezwa mapema mno haiui minyoo ambayo bado michanga.